Muhtasari wa Kikao cha Ukoo

Wamenipa daftari kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
"Filotea alisoma kwa masista," alisema Baba Mkubwa Apolinari,
"aandike yeye, mkono wangu unatetemeka."
Nikaketi kwenye kigoda, usawa wa magoti yao,
mahali ambapo harufu ya mbege hufika kabla ya maneno.

Uru, Jumamosi, baada ya arobaini ya baba.
Waliohudhuria: wanaume kumi na mmoja.
Jina la kumi na mbili nilianza kuliandika,
nikaona ni langu, nikalikata.

Mama yuko jikoni. Tangu alfajiri yuko jikoni.
Moshi unapenya mbao, unaingia kikaoni
bila kumwomba mwenyekiti ruhusa.

Ajenda ya kwanza, kihamba.
Kihamba apewe Oresti, kitinda mimba,
aliyeko Mwanza anakouza betri za magari,
ambaye Krismasi iliyopita aliuliza
samadi inanunuliwa wapi,
na ng'ombe anacheua nyuma ya nyumba.
Nimeandika: wajumbe wameafiki.

"Mtoto wa kike ni mgeni," akasema Prosper,
"anakula, anakwenda."
Nilikwenda. Nikarudi na sanduku moja
na jino lililovunjika, mwaka wa tisa huu.
Hilo halikuwamo kwenye ajenda.

Ya pili, mama.
Ataendelea kukaa hapo kwa hisani ya mwanawe.
Nikauliza: kwa nini?
"Kwa hisani," akarudia Baba Mkubwa, akidhani sikusikia.
Nilisikia. Nilitaka tu alitamke tena
huku akipokea kata kutoka mkono wa mama,
mkono uliotoka kwenye ukili wa majani,
kila siku kutoka tambarare kupanda huku,
hadi shingo yake ikazama mabegani
kama kigingi.

Kisha wakafika kwenye mipaka, wakakwama.
Upande wa mfongo, mpaka uko wapi?
Huyu anasema kwenye mparachichi. Yule, kwenye jiwe.
Wanaume kumi na mmoja, wazaliwa wa mteremko huu,
wakaitazama migomba
kama watu walioletewa barua ya lugha ngeni.
Mwishowe wakamtuma mtoto jikoni.

Mtoto akarudi mbio, ndizi mdomoni:
"Bibi anasema mhesabu masale saba
kuanzia kwenye mchare ulioinama.
La saba si lile la zamani, lile lilikufa mwaka wa ukame,
akapanda jingine usiku, babu akiwa hospitali.
Hapo ndipo mpaka.
Anasema ukifika kwenye kitarasa umeshaiba.
Na msikanyage maharage."

Wakacheka. Wakaenda kuhesabu.
Yalikuwa saba.

Nikaandika: mpaka umethibitishwa
na Genofefa, mwenye shamba.
Sikukusudia. Au nilikusudia, sijui,
wino ulikuwa umeshakauka.

"Soma," akasema Baba Mkubwa. Miwani yake
ilibaki kwenye koti la msiba.
Nikasoma yote kwa sauti ya darasani.
Maneno mawili nikayaruka, kama unavyoruka mfongo
na mzigo kichwani: hutazami chini.
Akatia sahihi. Wakatia wote,
Prosper kwa dole gumba,
na wenye kujua kusoma walikuwa wanamtazama mbuzi.

Nyama ikagawiwa kama inavyogawiwa.
Sehemu ya mama ililetwa jikoni
kwenye sahani ya plastiki, imepoa.
Akaniuliza nimeandika nini.
"Mpaka," nikasema.

Akalowesha ncha ya khanga kwa mate,
akanifuta wino kidoleni, taratibu,
kama nina miaka sita na misa inaanza.
Kidole kimoja hakikutakata.
Akakiachia.
Akasema ng'ombe bado hajala.